Udongo Ambao Sikuutwanga

Nilistaafu Jumamosi iliyopita, nikiwa na miaka kumi na saba na magoti yangu yote mawili yakiwa mazima. Hakukuwa na keki wala hotuba. Shangazi Milembe alinitoa beseni mikononi, akamkabidhi Holo, mtoto wa mama mdogo aliyehamia kwetu Kisesa mwaka huu, akamwambia, "Mwenzako kamaliza kidato cha nne. Sasa zamu yako." Holo akauliza kazi yenyewe ikoje. Shangazi akanielekezea kidevu. "Muulize huyo. Ila usisubiri jibu umesimama."

Ana haki. Mimi kwa mdomo ni mzito, kwa kalamu siachi. Kwa hiyo, Holo, nimekutolea kurasa hizi kwenye daftari langu. Zingine zote hazikuhusu, na nimezihesabu.

Wewe umelikuta beseni lina karanga na dagaa wa kukaanga. Mimi nililipokea likiwa na udongo. Si wa kusiliba nyumba, wa kula: vile vijiti vya pemba ambavyo wajawazito huvitafuna kichefuchefu kikiwabana. Genge la Shangazi lilikuwa palepale lilipo leo, katikati ya akina mama wa nyanya na mzee wa kushona viatu, na ndani ya karibu miaka minne sidhani kama nilikosa zaidi ya Jumamosi nne.

Siku ya kwanza nilikuwa kidato cha kwanza, na sare bado inanuka duka. Akaja mama mmoja, akasimama, akauliza, "Upo ule wa moshi?" Mimi nikatazama viatu vyake. Akarudia. Nikaendelea na viatu. Shangazi akatoka nyuma ya turubai akicheka. "Nyamizi, hiyo miguu ndiyo inayonunua?" Kuanzia hapo kila mteja akifika, mama wa nyanya alimwambia, "Nyanyua mguu kidogo, muuzaji akuone vizuri."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Udongo ulitoka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya shule ya msingi. Unauchimba, unauanika, unautwanga, unauchekecha kwa kipande cha chandarua, unaukanda na maji kama ugali wa wagonjwa, unafinyanga vijiti, unavianika tena, halafu unavipitisha juu ya makaa ili vishike moshi. Shangazi alifinyanga. Kuchoma na kutwanga vilikuwa vyangu. Ule mchi ulio uani, ambao wewe unaufungia kamba ya nguo, ulikuwa umelika upande mmoja kwa sababu Shangazi ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mimi wa mkono wa kulia nilitwanga miaka miwili na nusu kama mtu anayepiga makasia kwenda nyuma. Malengelenge yalikuja, yakapasuka, yakarudi na ndugu zao.

Shangazi alinifundisha pia kuonja. Unachukua punje, unaigusisha kwenye ncha ya ulimi. Ikianguka, udongo una mchanga, rudisha kwenye kinu. Ikikwaruza, vilevile. Ikinata mpaka uing'oe kwa kidole, hiyo ni mali. Hakuna mizani wala cheti, ulimi wako tu. Nilijivunia ulimi wangu kwa sababu hiyo ilikuwa kazi pekee ya gengeni niliyoweza kuifanya bila kuongea.

Na kulikuwa na siri. Mwanamke mwenye mimba changa hutazama beseni la udongo namna moja tu. Anapita, anafika kwa mshona viatu, shingo inabaki nyuma. Nilijua mimba za mtaa mzima kabla ya waume, kabla ya wakwe, mara nyingine kabla ya mwenye mimba. Shangazi alikuwa na sheria: "Mteja wa udongo hana jina. Ukimkuta kanisani, hamjuani." Kwa mtu kama mimi hiyo haikuwa sheria, ilikuwa likizo. Kutoka nyumba moja ya karibu na barabara alikuja mkwe, akanunua, akaficha kwenye pindo la kanga. Jioni yake akaja mama mkwe, akanunua, akaficha kwenye pindo la kanga. Kila mmoja akanisihi mwenzake asijue. Mwaka ule nyumba ile ilizaa mara mbili, na kila mmoja alimshangaa mwenziwe.

Jambo la mwisho kuhusu siku za amani ni karatasi. Vijiti tulivifunga kwa kurasa za madaftari yangu ya zamani. Wateja walisoma. Mmoja alirudi kuniambia, "Hesabu ya nane umekosa, mwanangu." Siku nyingine kwa haraka nilichana ukurasa wa daftari hili hili, wenye habari za kijana fulani wa darasa letu na namna anavyovaa soksi. Wiki nzima akina mama wa nyanya walinisalimia, "Habari za soksi?" Tangu hapo nimekuwa mwangalifu. Nawe uwe.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Nimezunguka sana, najua.

Nikiwa kidato cha tatu, katikati ya mwaka, mtu alinunua kiwanja chenye kichuguu chetu, kikasawazishwa ili ajenge. Wiki mbili hatukuwa na kitu. Ndipo akatokea Bahati, kijana mwenye pikipiki, ambaye kazi yake ilikuwa kuvusha mizigo kutoka ng'ambo ya kivuko cha Kigongo, upande wa machimbo. Alisikia tunatafuta udongo, akaleta kiroba. Shangazi akanipa nionje.

Ulikuwa laini kama poda ya mtoto. Uligusa ulimi, ukang'ang'ania. Nilipitisha mkono ndani ya kiroba mpaka kwenye kiwiko na sikukuta hata punje moja ya kutwanga. Holo, nakwambia ukweli, nilitazama ule mchi pale ukutani nikausikitikia kwa furaha. Nikamwambia Shangazi, "Huu ni mzuri kuliko wa kichuguu. Hauhitaji kutwangwa wala kuchekechwa. Tuuchukue." Hakuwahi kunisikia nikisema sentensi tatu kwa mpigo. Alishtuka, akauchukua.

Fungu la kwanza nililifunga mwenyewe na kumpelekea dada yangu Kabula. Mwaka uliotangulia mimba yake ilikuwa imetoka, akakaa miezi akiongea kidogo kuliko mimi. Sasa alikuwa nayo nyingine, ya miezi miwili, na hakuna kilichokaa tumboni isipokuwa udongo. Alitafuna kijiti, akafumba macho. "Huu unanukia mvua ya kwanza," akasema. "Kesho niletee tena." Nilileta kesho, na keshokutwa, na wiki mbili zilizofuata.

Bahati alirudi na kiroba cha pili siku ya Jumamosi. Shangazi akamkaribisha kwenye kigoda, akamuuliza, "Hivi ninyi wenzetu mnauchekecha na nini, mbona hivi?"

"Kuchekecha?" Bahati akacheka. "Mama, huo umesagwa na karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Wenyewe wakishatoa mali yao, unga unabaki marundo mpaka mlangoni. Nani akahangaike kuchimba?"

"Mali wanaitoaje humo?"

"Kwa zebaki. Inaikamata dhahabu kama ugali na mchuzi." Akanywa maji, akafuta mdomo. "Ila wafugaji wa kule wana vituko. Mbuzi wanakunywa yale madimbwi ya kuoshea, basi vitoto vinazaliwa vimelewa. Kinasimama, miguu inakwenda huku na huku, puu, chini. Tunakitania, 'Wewe, mama yako alikunywa gongo?'"

Shangazi alicheka. Mama wa nyanya alicheka. Hata mimi nilianza kucheka, maana Bahati aliiga kile kitoto cha mbuzi vizuri sana. Halafu nikakumbuka ubao wa darasani.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa amechora kondo la nyuma ubaoni. Alifundisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili alipoona mkuu wa shule yuko mbali. Alisema panya, mbuzi, ng'ombe na sisi, mtoto aliye tumboni hulishwa kupitia mlango huohuo mmoja. Mwenzetu mmoja akauliza, je, na sumu inapita? Mwalimu akajibu, "Mlango huo hausomi lebo." Darasa lilicheka. Mimi niliandika sentensi ile daftarini kwa sababu niliipenda, si kwa sababu niliielewa.

Jumatatu sikwenda shule. Nilikwenda zahanati kumtafuta nesi Paskazia, na kwa kuwa sikuweza kumuuliza mtu yeyote wapi pa kumpata, nilikaa kwenye foleni aliyokuwa akiihudumia. Ilikuwa foleni ya kliniki ya wajawazito. Nilikuwa na sare. Benchi zima likageuka, likanitazama tumbo, likaguna. Nusu yao walikuwa wateja wangu, na kwa mara ya kwanza wao ndio walijifanya hawanijui.

"Mwanangu, una miezi mingapi?" nesi akauliza, taratibu.

Nikampa karatasi. Nilikuwa nimeandika yote usiku uliopita. Akasoma, akafunga mlango, akasoma tena.

"Zebaki," akasema. "Hiyo haimalizii kwa mama, inamfuata mtoto, na huko inatafuta ubongo. Na mawe yale huwa na madini ya risasi pia. Risasi inajifanya kalsiamu, kwa hiyo mwili wa mtoto unaipokea kama mgeni rasmi. Na huo wenu wa kichuguu usiulilie, nao si malaika. Unayashika madini ya chuma ya chakula tumboni kabla hayajaingia kwenye damu. Mama anapauka, mtoto anazaliwa mdogo. Mlikuwa mnauchoma?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nani alikuwa anakaa kwenye moshi?"

Nikatazama viatu vyake. Vilikuwa vyeupe.

Akanipima, akanipangia siku ya kurudi, akasema waliokula waache leo hiihii, waje wapimwe damu, wapewe vidonge vya chuma, wale dagaa na mboga za majani. Kiroba tusikimwage mtoni, tusikichome, tukifunge, bwana afya atakuja kukichukua. "Wamekula wiki mbili tu," akasema. "Kuna tofauti kubwa ya wiki mbili na miezi tisa. Waambie haraka."

Lakini kabla sijafika nyumbani habari za foleni zilikuwa zimeshafika. Shangazi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani?" akauliza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani, Nyamizi? Ni huyo wa soksi?"

Hapo ndipo nilipolazimika kusema, maana kukaa kimya kungempa yule kijana mtoto asiye wake. Nikasema yote, nikilia, kuanzia karasha mpaka mbuzi. Shangazi akawaka. "Mimi nimekula udongo mimba tano! Unataka kulifunga genge langu kwa maneno ya ubaoni?"

"Ule haukuwa na zebaki, Shangazi."

Akafungua mdomo anijibu. Kulikuwa na kijiti shavuni mwake, kama siku zote. Alikitema mkononi, akakitazama kama mtu anayemtazama mkwe aliyedanganya ukoo. Halafu akachukua kamba, akaenda kufunga mdomo wa kiroba, mafundo manne.

Walionunua wiki zile mbili walikuwa kumi na mmoja. Niliwakumbuka wote, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Lakini Shangazi akakumbusha sheria yake: kama atakwenda yeye, kwa sauti yake ile, ifikapo jioni mimba kumi na moja zitakuwa zimetangazwa, na nyingine wenyewe bado hawajazitangaza. Nikakaanga karanga. Nikazifunga kwa karatasi za daftari, vilevile tulivyofunga udongo siku zote, ili wajue zimetoka wapi. Ndani ya kila karatasi niliandika: *Ule udongo laini una sumu ya machimboni. Usimeze tena. Uliobaki nirudishie mimi. Nenda kwa nesi Paskazia, hatakugombeza. Kosa ni langu, niliuonja nikaupitisha. Karanga ni zako.*

Nikazunguka mtaa hadi mtaa. "Shikamoo, nimetumwa na Shangazi." Nikakimbia. Tisa walirudisha mabaki siku hiyohiyo. Wa kumi mume wake alipokea, akala karanga, akawashia jiko karatasi. Nikapeleka tena, akala tena, akaagiza niongeze chumvi. Mara ya tatu nilifunga maharage mabichi. Yalimfikia mwenyewe.

Wa kumi na moja alikuwa Dada Kabula.

Aliliona fungu, akatabasamu, akanyoosha mkono. Akafungua. Akasoma akiwa amesimama, halafu akasoma akiwa amekaa. Mumewe, Shemeji Masanja, alikuwa kazini, tulikuwa wawili tu.

"Niambie kwa mdomo," akasema.

"Nimeandika, Dada."

"Nimeona umeandika. Wewe uliuonja?"

"Niliuonja."

"Na uliusifia mbele ya Shangazi. Kwa nini? Ulijua nini kuhusu udongo huo?"

Ningeweza kusema ulinata ulimini. Ni kweli ulinata. "Nilichoka kutwanga," nikasema.

Jogoo wa jirani aliingia, akala karanga mbili, akatoka. Dada akavichukua vijiti vilivyobaki chini ya mto wa kitanda, akanipa vyote. "Yule wa mwaka jana alitoka bila udongo wa mtu yeyote," akasema. "Huyu akitoka, nitakulaumu. Sitaweza kujizuia. Akikaa, nitakutania mpaka uzeeke. Kesho unisindikize kliniki. Ukae kwenye ile foleni yako."

Nilikaa naye kwenye foleni ile kila mwezi. Bwana afya alichukua viroba vyote, akapeleka kidogo kikapimwe, na jibu likarudi: zebaki imo, risasi imo. Wakapeleka habari ng'ambo pia. Bahati mwenyewe alikuja kuomba radhi, kijana wa watu hakuwa anajua, akasema na mama yake kule huutafuna. Akaondoka mbio kwenda kumwambia. Shangazi hakurudi kuchimba kichuguu kingine. Wale wanawake waliendelea kuja gengeni kuulizia "karanga za barua," basi beseni likabadili kazi. Shemeji Masanja alijua habari za kiroba wakati mtaa wote umeshazisahau.

Mayunga wa Dada alizaliwa Januari. Mdogo kidogo, mwenye kelele za wastani. Dada alinipa nimshike, nami nikahesabu vidole, mikono na miguu, mara mbili. Nesi Paskazia akaniona. "Huko huoni kitu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mambo haya hukawia. Tazama atakavyokaa, atakavyosimama, kama atageuka akiitwa. Anaendelea vizuri mpaka sasa. Subiri."

Kwa hiyo mwaka wangu wa kidato cha nne niliusomea mitihani miwili. Nilipiga makofi nyuma ya sikio lake. Nilitingisha funguo. Mara aligeuka, mara hakugeuka. Alikaa wakati wa kukaa. Lakini alikuwa mkimya, mtoto wa kutazama tu, na nyumba nzima ilifurahi: "Huyu kamfuata mama yake mdogo! Naye ataangalia viatu!" Walicheka, nami nilitoka nje. Ukimya wangu naufahamu ulikotoka. Wa kwake sikuufahamu.

Jumamosi ile ya kustaafu kwangu, Holo, wewe ulikuwa umelishika beseni kama mtu aliyepewa nyoka. Shangazi alikuwa anakuonyesha namna ya kukunja karatasi. Dada Kabula alikuwa anachagua nyanya, ametupa mgongo. Mayunga alikuwa amekaa chini, pembeni ya turubai, amegeukia upande wa barabara. Mimi nilikuwa ng'ambo, kwa mshona viatu, nafuata kandambili zangu. Nikamwona anakusanya udongo kwa kiganja, polepole, kwa uangalifu, akaupeleka mdomoni.

"Mayunga! Tema!"

Sijui ile sauti ilitoka wapi. Mshona viatu aliangusha sindano. Pikipiki mbili zilipunguza mwendo. Safu yote ya nyanya ikanyamaza.

Naye akageuka. Si baada ya kofi la tatu wala la nne, palepale, kichwa kizima, akanitafuta katikati ya watu mpaka akanipata. Akashika ukingo wa meza ya nyanya, akajivuta, akasimama. Miguu ilitulia chini yake. Udongo ukamtoka mdomoni pamoja na mate.

"Kumbe betri zilikuwemo," Shangazi akasema.

Dada Kabula alikuwa amesimama na nyanya mkononi, ananitazama, macho yamejaa. "Kasikia," akasema.

"Kasikia," nikasema.

Mayunga akatutazama sote, mmoja mmoja. Kisha akanikazia macho mimi, akaketi chini, na bila kuyaondoa macho yake kwangu akachota tena.